Kuku Waliomsubiri Mgeni Rasmi

Nchi ninayotaka kuisimulia haipakani na yako, kwa hiyo soma kwa amani. Mimi nilizaliwa humo, nikasomea humo, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa Karani wa Itifaki Daraja la Pili katika Wizara ya Mifugo na Uzinduzi. Ni nchi tulivu sana. Ukiona mtu anatikisa mguu ofisini, au anazunguka uwanjani akitazama saa, usidhani ana wasiwasi. Anamsubiri Mgeni Rasmi kama sisi wote. Mguu wangu wa kushoto ulianza kutikisika mwaka wa pili wa ajira na haujapumzika mpaka leo.

Msingi wa utulivu wetu ni Ibara ya Nne ya Katiba, ambayo ni fupi kuliko zote: "Kitu ambacho hakijazinduliwa na Mgeni Rasmi hakipo." Wageni huicheka. Lakini lile daraja letu jipya lilipobomoka kabla ya kuzinduliwa, serikali haikuhangaika hata siku moja, maana daraja halikuwapo, na walioanguka nalo walipewa onyo kwa kupita hewani bila kibali. Wodi ya wazazi ya mkoa ilikaa miaka minane bila kukatiwa utepe. Watoto waliozaliwa humo bado wanaandikwa kwenye daftari la wanaotarajiwa, na mkubwa wao yuko darasa la pili.

Mgeni Rasmi mwenyewe ana jina, nasikia, ila halitajwi. Tunachojua ni kwamba yuko njiani. Ukipiga simu Ikulu saa mbili asubuhi yuko njiani, na ukipiga wiki ijayo atakuwa bado yuko njiani, na msafara wake umekwisha kutoka.

*

Mwaka wangu wa mwisho kazini kuku wa taifa walianza kudonoana.

Kwanza walinyofoana manyoya ya mkia, kisha ya mgongo, na manyoya yalipokwisha wakaendelea na walichokikuta. Mabanda yalijaa kelele na damu. Wizara ikaunda tume, na tume ikagundua kwamba kuku wamechochewa. Redio ya taifa ilipiga nyimbo za mshikamano mabandani kwa wiki tatu. Kuku wakadonoana kwa mpigo wa ngoma.

Ndipo akaja Bwana Ruud, mtaalamu kutoka kiwanda kimoja cha ng'ambo. Alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alikaa mbele ya bosi wangu, Mkurugenzi wa Itifaki Bwana Kasanzu, akaeleza.

"Kuku wenu wamepungukiwa methionini. Ni asidi amino, yaani tofali la kujengea mwili. Ndiyo inayojenga manyoya. Kuku akiikosa kwenye chakula, huitafuta pale alipoiona mara ya mwisho, mgongoni kwa mwenzake."

"Na zamani waliipata wapi?" akauliza Mkurugenzi.

"Kwenye dagaa mliokuwa mkiwasagia."

"Dagaa wetu wameenda wapi?"

"Tunawanunua sisi. Tunalishia nguruwe."

Mkurugenzi akafikiri. "Kwa hiyo methionini yetu iko kwa nguruwe wenu."

"Ile ndiyo, imekwisha kuliwa," akasema Bwana Ruud kwa huzuni ya kweli. "Lakini tunatengeneza nyingine kiwandani. Viwanda vya namna hiyo ni vichache, na kuku wa dunia nzima wanatusubiri sisi. Kilo moja au mbili kwenye tani ya chakula, basi, kuku anatulia. Mkichelewa kuagiza, fungu lenu litaenda bara jingine."

Kusikia neno "kutulia", Mkurugenzi alisimama akapiga makofi peke yake.

Magunia mia nane ya unga wa methionini yakaja, kila moja kilo ishirini na tano. Yakapangwa uani kwa Wizara chini ya turubai la kijani, na juu yake ukafungwa utepe mwekundu. Ule unga ni mweupe, na unanuka kabichi iliyosahauliwa sufuriani siku nne. Lakini kwa kuwa haukuwa umezinduliwa haukuwapo, na harufu yake haikuwapo, na wahasibu waliotapika waliandikiwa ruhusa ya msiba.

*

Uzinduzi hauendi bila mfano. Ilitakiwa mfugaji mmoja alete kuku wake mbele ya Mgeni Rasmi waonekane walivyonufaika na unga. Kura ikamwangukia Bi Nyamizi, mama wa makamo, mjane, mwenye kuku mia nne na kumi na wawili na cherehani moja. Barua nilimpelekea mimi. Nilimkuta bandani ameshika kuku aliyebaki na manyoya matano, anampaka masizi ya chungu kwenye vidonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shika huyu."

Nikashika kuku. Alikuwa wa moto mikononi, moyo unamwenda mbio kuliko mguu wangu. Bi Nyamizi akasoma barua, akarudia, akaikunja.

"Inasema kuku wangu wawe wamenawiri kwa unga siku ya kuzindua huo unga."

"Ndiyo, mama."

"Basi nipeni huo unga. Kilo mbili tu. Nauchanganya kwenye pumba na mashudu leo hii, yakifika majuma matatu utakuja kuona manyoya."

"Mama, unga haupo."

"Karani, pua unayo? Unanuka mpaka hapa!"

"Haujazinduliwa, mama. Mgeni Rasmi yuko njiani. Ni Jumamosi hii hii."

Akanitazama. Sijui kama umewahi kutazamwa na mtu anayetaka kukutukana lakini anakuonea huruma. "Nilianza na vifaranga kumi na wawili," akasema, "mwaka aliofariki mume wangu. Hawa ndio wananiamsha asubuhi. Jumamosi, umesema?"

"Jumamosi, mama."

Nilisema kweli kama nilivyoijua, na nilirudi ofisini nikiwa na unyoya mmoja umenasa kwenye kifungo cha shati.

*

Jumamosi ile Mgeni Rasmi alikuwa njiani. Ijumaa iliyofuata pia. Lakini shida kubwa ilijitokeza katikati, pale Mkurugenzi alipotembelea banda na kurudi amejishika kichwa.

"Kuku wako uchi!" alinguruma. "Mgeni Rasmi atasimama mbele ya makalio mia nne ya waziwazi, na kamera za televisheni zipo! Heshima ya nchi iko wapi?"

Kikao kilikaa saa sita. Wapo waliotaka kuku wapakwe rangi. Wapo waliotaka Mgeni Rasmi afumbe macho, nao walihamishiwa mikoani. Mwisho ikapita hoja ya kistaarabu: shughuli yoyote ya maana kwetu ina sare, na kuku nao wavae sare. Kikatafutwa kitenge cha kijani chenye picha ya mkasi na utepe, na Bi Nyamizi, kwa kuwa ana cherehani, akaagizwa kushona vijikoti mia nne na kumi na viwili, vyenye tundu mbili za mabawa na kifungo kifuani.

Alishona. Nilikwenda kukagua kila Jumatano, na kila Jumatano nilimkuta kwenye ile cherehani, mguu wake ukikanyaga na wangu ukitikisika, tunakwenda sambamba kama tumeajiriwa pamoja. Vijikoti viliwasaidia kuku kidogo mgongoni. Lakini kuku anayetafuta kitu hazuiwi na kitenge. Walianza kudonoana shingo.

Wa kwanza walikufa tisa. Bi Nyamizi aliwavua sare, akazifua, akazianika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Nikatoa fomu.

"Sababu ya kifo?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Andika wamekufa kwa kungoja."

"Haimo kwenye orodha, mama. Na huu ugonjwa wa kudonoana wenyewe bado haujazinduliwa, kwa hiyo…"

"Kwa hiyo hawajafa?"

"Kwa hiyo wapo njiani," nikasema, na nilipolisikia neno lenyewe likitoka kinywani mwangu niliona aibu. Ninaungama. Niliandika hivyo hivyo.

Tarehe zikasogezwa mara kumi na moja. Wizarani nako hali haikuwa shwari. Kungoja kunachosha mwili. Katibu alimng'oa kifungo Mkurugenzi kwa kugombea kiti cha mbele kwenye mazoezi ya uzinduzi. Mhasibu mkuu alimdonoa mwenzake kwa kalamu sikioni. Watu walikuwa wanaingia uani, wanazunguka turubai, wanaangalia barabara, wanarudi ndani, wanatoka tena. Na kila nilipokwenda kwa Bi Nyamizi kamba ya nyuma ya nyumba ilikuwa imeongezwa urefu. Vijikoti vilipigwa upepo pale, vidogo, vyenye mikasi yake, havina mtu.

Mwezi wa tano wa kungoja nilihesabu vijikoti mia mbili arobaini na tisa kambani. Bandani walibaki kuku mia moja sitini na watatu. Sikuhesabu mara ya pili.

*

Siku iliyofuata, saa sita mchana, jua la utosi, Bi Nyamizi aliingia uani kwa Wizara akisukuma toroli. Watumishi wote walikuwa nje wanatazama barabara. Alikwenda moja kwa moja kwenye turubai. Mlinzi, mzee mmoja aitwaye Lubango, akamkimbilia na kirungu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kuchukua gunia. Hapa pana gunia?"

Lubango alitutazama. Aliitazama Ibara ya Nne, iliyochorwa ukutani kwa herufi za dhahabu. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu.

"Hapana gunia hapa, mama."

"Nikichukua, nitakuwa nimechukua nini?"

"Hakuna utakachokuwa umechukua."

"Basi nisaidie kushika huku, ni zito."

Lubango akashika. Wakalipandisha kwenye toroli, na mama akaondoka kwa lango kuu, gurudumu linalia kwii, kwii, na sisi watumishi sitini tukitazama pembeni kwa nidhamu ya hali ya juu. Mimi mwenyewe niliandika kwenye daftari la matukio: "Saa sita na dakika kumi, hakuna kilichotokea."

*

Majuma matatu baadaye ikawa balaa. Kuku wa Bi Nyamizi waliacha kudonoana! Chini ya vijikoti vijinyoya vilianza kuchomoza, kwanza vigumu, kisha vikafunguka, vyekundu na vyeusi vinavyong'aa. Majirani wakaja na vikombe, naye aliwagawia kila mmoja kikombe kimoja. Mtaa mzima kuku wakatulia. Habari ikafika kwa Mkurugenzi Kasanzu, naye akavunja glasi.

"Wanapona kwa ruhusa ya nani?" akauliza. "Kwa unga upi? Unga haupo! Mkamateni huyo mama kwa wizi!"

Mwanasheria wa Wizara alikohoa. "Mheshimiwa, hatuwezi kumshtaki mtu kwa wizi wa kitu kisichokuwapo. Ili awe mwizi, sharti kwanza unga uwepo."

Mkurugenzi akanyanyua simu, akapiga Ikulu, akanong'ona. Niliona uso wake ukibadilika.

Kwa miezi mitano na nusu kuku walikuwa wanakufa, na Mgeni Rasmi alikuwa njiani. Sasa kulikuwa na mtu wa kufungwa, na Mgeni Rasmi alisema atafika kesho saa tatu kamili. Alifika saa tatu kasorobo. Ninaomba unielewe, mimi si mtu wa hasira, lakini nilipoona ule msafara unakata kona kabla ya wakati, niliivunja kalamu ya serikali vipande viwili.

*

Ratiba ilisema kuku mia nne na kumi na wawili. Ratiba ilikwisha chapwa kwa wino wa dhahabu, na kwetu ratiba haifutwi. Alfajiri Mkurugenzi alituma gari likachukue vile vijikoti mia mbili arobaini na tisa kutoka kambani. Vilijazwa nyasi kavu, vikafungwa vifungo, vikawekewa vichwa vya udongo wenye macho ya shanga, vikapangwa kwenye viti vya nyuma. Walio hai wakakaa viti vya mbele na Bi Nyamizi, ambaye kushoto na kulia alikuwa na polisi, pingu tayari zimefunguliwa.

Mgeni Rasmi alikata utepe. Unga ukawapo. Mara hiyo hiyo harufu ikawapo pia, na mabalozi wote wakatoa leso. Polisi mmoja akamfunga mama mkono wa kulia.

Kisha Mgeni Rasmi akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, na ninyi ndugu kuku! Nimetoka mbali. Nimekuwa njiani kwa ajili yenu. Wenye wivu walisema nchi hii haitatulia. Nami ninawauliza, nini maana ya kutulia?"

Hakuna aliyejibu isipokuwa kuku wa mbele. Walikuwa wanaparua zulia, wanapiga mabawa yao mapya, wanapayuka, mmoja ameruka kwenye meza kuu na kuacha alama mbele ya Waziri. Mgeni Rasmi akakunja uso. Akainua macho kuelekea nyuma, na uso ukakunjuka.

"Tazameni wale!" akasema, sauti imelainika. "Tazameni nidhamu! Hawasukumani. Hawapayuki. Wamenikazia macho tangu nilipoingia, hata kupepesa hawapepesi. Hao ndio kuku wa mfano! Mkurugenzi, hao wamelishwa nini?"

Bwana Kasanzu alitoka jasho. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alisema kweli. "Hawajala kitu, Mheshimiwa."

"Hawajala kitu?"

"Tangu waletwe, Mheshimiwa, hata punje."

Mgeni Rasmi akageukia mabalozi huku amefungua mikono. "Mnasikia? Hawajala kitu, na wametulia! Sasa huu unga unaonuka ni wa nini?"

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Bwana Ruud wa kiwandani peke yake hakupiga. Alikuwa anawatazama wale wa nyuma, midomo inamcheza.

Ratiba ikasema: "Neno la shukrani kutoka kwa Mfugaji wa Mfano. Dakika mbili. Makofi." Bi Nyamizi akasimama na polisi wake, kwa kuwa walikuwa wameshikamana. Hakuwa na karatasi.

"Mheshimiwa," akasema, "hao wa nyuma wamekufa."

Akavuta pumzi.

"Wamekufa wakikusubiri wewe. Nimewavua mmoja mmoja kwa mikono hii. Ni nyasi hizo unazozisifu. Hawa wa mbele wanaokupigia kelele ndio wazima."

Akakaa. Dakika moja ilikuwa imebaki. Kisha Mkurugenzi akaonyesha ratiba kwa kidole, pale palipoandikwa "Makofi", na uwanja mzima ukapiga makofi. Mgeni Rasmi naye alipiga, akatikisa kichwa kwa kuguswa. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu. Nilikwisha andika "Makofi" tangu jana yake. Nikalikata neno hilo, nikaandika alichosema mama.

*

Maagizo yalitolewa hapo hapo. La kwanza, unga uondolewe uzinduzi. Utepe uliletewa gundi, ukaungwa mbele ya kamera, na unga ukaacha kuwapo; polisi akalazimika kumfungua mama pingu, maana wizi wake nao uliacha kuwapo. La pili, Jumatatu kuku mia moja sitini na watatu waliobaki wachukuliwe wakatulizwe kama wenzao. Nyasi zitatolewa na serikali.

Jumatatu nilikuwa kwenye gari pamoja na Mkurugenzi na magunia ya nyasi. Banda lilikuwa wazi. Hapakuwa na kuku, wala pumba, wala cherehani. Juu ya meza palikuwa na vijikoti mia moja sitini na vitatu, vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimekunjwa kumi kumi. Kuku wake walikuwa na manyoya yao wenyewe sasa, hawakuhitaji nguo ya mtu. Lile gunia nalo halikuonekana. Mkurugenzi aliniuliza mama wa umri ule amewezaje kubeba mzigo wote huo hadi mpakani siku ya Jumapili bila mtu wa kumsaidia. Nikamwambia sijui, mimi Jumapili mgongo ulikuwa unaniuma. Uliendelea kuniuma wiki nzima.

Kuku wa nyasi wanaendelea vizuri. Wamepewa nishani, na mmoja ameteuliwa Karani wa Itifaki Daraja la Pili, nafasi yangu, kwa sifa ya kukaa kwenye kiti bila kutikisa mguu. Taarifa hii haijazinduliwa popote, kwa hiyo haipo, na wewe hujaisoma.

Mimi ninaiandika nikiwa upande wa pili wa mpaka, nilikomfuata Bi Nyamizi, ndani ya ua wenye kuku mia moja themanini, maana wengine wameshatotoa. Bi Nyamizi ananikejeli kila ninapokaa kwenye kigoda. "Karani," ananiambia, "huo mguu unamsubiri nani tena?" Namjibu ni mazoea tu, utaacha. Lakini gari lolote likipunguza mwendo kule barabarani, mimi na kuku wote tunainua shingo.